Kutu iliyorudi upande mmoja tu: kisa cha boksi la chini ya milango

Gari ni stesheni wagoni ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, zile ambazo hazina chasi ya peke yake, bodi yenyewe ndo chasi. Injini haina neno, giaboksi haina kelele, viti vizuri, mwenyewe analipenda na hana mpango wa kuliuza. Kilichomleta ni viputo vya rangi upande wa kushoto, kona ya chini nyuma ya mlango wa nyuma, pale boksi la chini ya milango, lile la bati lenye uwazi ndani linalopita ubavuni mwa gari, linapokutana na tao la tairi. Viputo viwili vya ukubwa wa kucha ya kidole gumba, na kamstari ka kahawia kanachuruzika chini yake kila gari likioshwa. Maombi yake yalikuwa mafupi: "Fundi, hapo piga msasa, weka puti kidogo, rangi, basi." Halafu akaongeza kitu ambacho kwangu ndo kilikuwa kisa chenyewe, kwamba sehemu hiyohiyo ilishatengenezwa kwa fundi mwingine, ikapendeza kabisa, na mvua za msimu uliofuata hazikuisha viputo vikawa vimerudi.

Sasa ukizunguka upande wa kulia, sehemu ileile, gari lilelile, umri uleule, barabara zilezile, hamna kitu. Rangi ya kiwandani imefifia lakini imekaa. Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa kutu inatibiwaje, hilo kila mtu ana jibu lake, swali lilikuwa kwa nini kushoto tu. Watu wengi wanaliruka hili swali wanakimbilia grinda, na mimi naona ukiliruka, kila utakachofanya baada ya hapo ni kupaka rangi juu ya maji.

Tukaanza na kupima kabla ya kugusa chochote. Kipimo cha unene wa rangi upande wa kulia kilikuwa kinasoma kati ya mikroni 110 na 140 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambayo ni kawaida ya rangi ya kiwandani. Kushoto, katikati ya mlango kilisoma hivyohivyo, ukishuka kwenye boksi kikapanda hadi 900, ukisogea nyuma kikagoma kusoma kabisa. Kama huna hicho kidude chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa, kwenye bati inashika, kwenye puti nene inateleza na kudondoka. Yetu ilidondoka kwenye eneo la kama sentimita 50 kwa urefu. Sasa viputo viwili vya ukubwa wa kucha na puti ya nusu mita, hapo tayari unajua unachokiona ni sehemu ndogo tu ya ugonjwa. Ukigonga kwa mpini wa bisibisi kulia unasikia mlio wa bati, kushoto unasikia mlio mfu, kama unagonga mbao.

Halafu ndani. Tukatoa kiti cha nyuma, tukafungua zile plastiki za kizingiti cha mlango, tukainua kapeti. Juu kapeti ilikuwa kavu na hata harufu haikuwepo sana, lakini lile godoro la chini yake, la kuzuia kelele, upande wa kushoto ukilikamua linatoa maji. Mwenyewe alishangaa, maana hajawahi kuona maji kwenye gari lake. Na hii ni kawaida sana, kapeti inakauka juu, chini inabaki mbichi wiki na wiki, gari limefungwa vioo, jua linalipasha, yaani umeipa kutu maji na joto kwa pamoja. Chuma hakihitaji kuloa chepechepe ndo kishike kutu, unyevu wa hewa ukivuka kama asilimia 60 tayari kazi inaanza, na kukiwa na chumvi inaanza hata kabla ya hapo.

Maji yanatoka wapi sasa? Hapa ndo kuna kipimo ambacho mimi nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji kifaa, kinahitaji ndoo tu au mpira wa maji. Kwenye magari mengi mvua inayopiga kioo cha mbele inaingia kwenye mfereji ulio chini ya waipa, inatiririka kulia na kushoto, inashuka ndani ya nguzo ya bawaba za mlango wa mbele nyuma ya fenda, na kwenye hili gari inapitia ndani ya boksi la chini ya milango halafu inatoka kwenye vitundu vilivyoachwa makusudi kwenye mshono wa chini. Yaani mhandisi aliyelichora alijua kabisa kuwa maji yataingia ndani ya boksi, na aliyaachia mlango wa kutokea. Tukamwaga maji upande wa kulia, hazikupita sekunde nyingi yakaanza kudondoka chini sehemu tatu, mbele, katikati na nyuma. Tukamwaga kushoto. Kimya. Hamna hata tone. Tukaendelea kumwaga, taratibu yale maji yakatokea ndani ya gari, miguuni pa abiria wa nyuma, kupitia kitundu cha kutu kwenye bati la ndani.

Bado kuna swali, kwa nini yamekula nyuma na siyo mbele wala katikati. Hili jibu lake halikuwa kwenye gari. Nikamuuliza mwenyewe analipaki wapi, akasema kwenye kanjia ka kupanda mbele ya nyumba, pua juu, mkia chini, miaka yote. Basi. Maji yasiyo na pa kutokea yanatafuta sehemu ya chini kabisa, na kwa gari linalolala pua juu sehemu hiyo ni kona ya nyuma ya boksi. Kutu ilikuwa imekaa palepale maji yalipokuwa yanalala usiku.

Tukaanza kufungua sasa. Brashi ya waya na patasi kwanza, siyo grinda, kwa sababu unataka kusoma tabaka zilivyopangwa na grinda inafuta ushahidi wote. Nje rangi, chini yake puti, kuna mahali ilifika karibu sentimita nzima. Chini ya puti faibaglasi. Chini ya faibaglasi kipande cha bati jembamba la kufunikia kilichobandikwa kwa ribiti za alumini juu ya kutu ya zamani, ambayo haikukatwa hata kidogo. Na ndani ya boksi, ili puti ipate pa kushikia, mtu alipuliza povu lile la kujazia nyufa za milango na madirisha ya nyumba. Chini kabisa kwenye mshono wote kapaka lami nzito, na ile lami ndo ilikuwa imeziba vitundu vyote vitatu vya kutolea maji.

Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu hii kazi ya mwanzo haikuwa tu ya kulipua, ilikuwa ni kazi iliyoharakisha kifo cha lile boksi, na kila tabaka lina namna yake ya kuua.

Povu kwanza. Mtu anaona linakuwa gumu anadhani halipitishi maji, lakini likishakatwa au kupasuka linanyonya na kubaki na unyevu umegandamana na bati pande zote. Hata bila kitundu kuziba, lile povu peke yake lingetosha. Puti nayo imetengenezwa kwa unga wa talki ndani ya resini, inavuta unyevu taratibu, hivyo ukiipaka juu ya chuma kitupu au juu ya kutu unakuwa umeweka kitambaa kibichi juu ya jeraha na kukifunika kwa rangi. Ribiti za alumini kwenye chuma chenye maji ya chumvichumvi zinaanzisha mambo ya betri, metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji moja lazima iliwe, na pale ribiti nyingi zilikuwa zimebaki unga mweupe, bati linacheza.

Na hii ya mwisho ndo watu wengi hawaijui. Kutu haipendi sehemu iliyo wazi sana kama inavyopenda sehemu iliyojificha. Ukiweka tone la maji juu ya bati safi ukaliacha, chuma kinaliwa katikati ya tone, ambapo hewa inafika kwa shida, na ile rangi ya kahawia inatokea kama duara pembeni kidogo. Kwa hiyo sehemu inayoonekana ina kutu siyo lazima iwe ndo inayoliwa. Sasa chukua hilo tone ulipeleke kwenye mwanya kati ya bati mbili, au chini ya tope lililoganda ndani ya tao la tairi, au chini ya lami iliyoachia kidogo. Maji yanaingia, hewa inafika kwa tabu, chuma kinaliwa huko ndani, huku nje kila kitu kinang'aa. Na kutu ikishazaliwa inakuwa na ujazo mkubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ndo maana inavimba, inainua rangi, na kwenye mishono inasukuma bati mbili zilizochomewa spoti, yaani kwa nukta nukta, hadi zinaachana. Ukiona mshono wa chini umetuna kama umemeza kitu, usihangaike kuupondaponda kwa nyundo, ndani mmejaa kutu.

Tuliposafisha yote, hali halisi ikawa hivi: bati la nje la boksi limekwisha kwa urefu wa kama sentimita 60 kuanzia kona ya nyuma, ukingo wa ndani wa tao la tairi umeliwa sehemu mbili, na bati la ndani lina matundu matatu likiwemo lile lililokuwa linaingiza maji kwenye kapeti. Pale pa kuwekea jeki kwa nyuma palikuwa pamelegea. Mwenye gari akauliza swali la maana, kwamba je hii ni urembo au ni usalama? Ni usalama. Kwenye gari lisilo na chasi ya peke yake hilo boksi linabeba uzito, linazuia bodi isijikunje, na gari likigongwa ubavuni ndo la kwanza kupokea. Ukaguzi wa magari wa Uingereza, ule wanaouita MOT, una kigezo kizuri cha kuelewa hili: kutu iliyozidi ikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka sehemu ya kufungia mkanda, sasipensheni, usukani na vitu vya namna hiyo, gari linafeli, hata kama sehemu yenyewe ya kufungia ni nzima. Chukua futi upime kwenye gari lako, utashangaa ni sehemu kubwa kiasi gani ya bodi inaingia humo. Kwenye hili gari letu sehemu ya kufungia mkanda wa nyuma kushoto ilikuwa ndani ya hicho kipimo, kwa hiyo mjadala wa faibaglasi ukaisha hapohapo. Faibaglasi sina ugomvi nayo kwenye bampa au kwenye kifuniko kisichobeba kitu. Kwenye boksi hapana.

Kabla ya kukata tulipima nafasi kati ya milango na bodi, juu, katikati na chini, tukaandika. Gari likakaa kwenye stendi chini ya sasipensheni, siyo kwenye ncha za bodi, ili bodi ibebe uzito wake kama inavyokuwa barabarani. Tukachomelea fimbo ya chuma kwa muda kukingama kwenye tundu la mlango wa nyuma. Wengine wanaona hii ni mbwembwe kwa kipande cha sentimita 60, lakini mlango ukishakataa kufunga baada ya kuchomelea hamna nyundo itakayourudisha. Betri ikatolewa nyaya zote mbili. Kiti, kapeti, godoro, na povu lote hadi chembe ya mwisho vikatoka, maana lile povu likiungua linatoa moshi wa sumu kabisa na moto wake haueleweki umeanzia wapi. Mipira na mabomba ya mafuta na breki yanayopita pembeni ya boksi tukayafungua tukayasogeza, na hapo ndo tukaona bomba la breki la chuma nalo limeanza kuvimba kutu kwenye klipu moja. Likabadilishwa. Hilo lilikuwa la hatari kuliko boksi lenyewe na halikuwa na kiputo hata kimoja cha kukutahadharisha.

Kukata kuna kanuni moja tu, kata hadi ufike kwenye chuma kinachong'aa pande zote mbili, mbele na nyuma ya bati. Wengi wanakata hadi pale tundu linapoishia, wanachomelea kwenye bati lililobaki nusu unene, linatoboka, wanajaza, linatoboka tena, mwisho wanasema mashine mbovu. Bati la nje la kiwandani huwa milimita 0.7 au 0.8 tu, likishaliwa nusu hamna cha kuchomelea hapo. Sisi tulitumia bati la milimita 1.0 kwa nje na 1.2 kwa ndani, tukalikunja kwa kufuata kipande cha katoni kilichochukuliwa umbo kutoka upande wa kulia. Na huo upande wa kulia ndo ulikuwa ramani yetu kwenye kila kitu, hasa vile vitundu vya maji, tukapima viko wapi na vina ukubwa gani, tukaviacha kwenye kipande kipya vilevile. Nimeona maboksi mapya mazuri kabisa yamechomewa mshono wa chini mzima bila kuacha kitundu, yaani mtu ametengeneza tangi.

Kuchomelea tulitumia MIG, mashine inayolisha waya yenyewe huku gesi ikikinga chomeo, waya wa milimita 0.6, gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksaidi. Kipande cha ndani kwanza, kikapigwa epoksi, yaani praima isiyopitisha maji, upande ambao hautafikika tena, kikaachwa kikauka, ndo cha nje kikafuata. Hapo ni nukta tu, nukta moja hapa, nyingine sentimita 3 mbele, rudi nyuma, ruka, subiri bati lipoe hadi uweze kuweka mkono, ndo ujaze katikati. Ukivuta mstari mmoja mrefu bati linajikunja na utalificha kwa puti, tunarudi kulekule. Mshono wa chini kiwandani ulipigwa spoti, sisi tukatoboa matundu ya milimita 6 kwenye bati moja na kuyajaza kwa MIG, nafasi zikifuata zile za kiwandani kadiri ilivyowezekana. Sehemu bati mbili zinapolaliana tukapaka praima ya zinki inayovumilia kuchomelea, tukaikwangua palepale pa kupiga nukta ili isichafue. Ukichomelea kitu chenye zinki fungua milango ya gereji na vaa kinga ya kupumulia, ule moshi mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku mtu akadhani ana malaria. Maji na mtungi wa kuzimia moto viwe karibu, na mtu abaki kuangalia baada ya kazi kuisha, siyo wote waondoke pamoja.

Sasa kuna zile dawa za kugeuza kutu. Mwenye gari alikuja na chupa yake akitaka tuimimine kila mahali. Zinafanya kazi lakini kazi ndogo kuliko watu wanavyoamini. Zenye asidi ya fosforiki zinageuza kutu nyepesi kuwa fosfati ya chuma, zenye asidi ya tanini zinaifanya nyeusi na tulivu kiasi, lakini zinatibu kile zinachokigusa tu. Kutu nene yenye magamba dawa inakaa juu, chini kunaendelea. Tulizitumia kwenye vidoti vya kutu nyepesi vilivyobaki kwenye kona za tao ambazo brashi haikufika vizuri, tukasafisha mabaki kama chupa inavyoelekeza kwa sababu epoksi ikikuta asidi iliyobaki haishiki vizuri. Vile vidude vya umeme vinavyofungwa kwenye betri eti vinazuia kutu kwenye gari zima, usijisumbue. Umeme wa kuzuia kutu unafanya kazi kwenye meli na mabomba ya ardhini kwa sababu chuma kimezama kwenye maji au udongo unaopitisha mkondo, gari liko hewani.

Baada ya hapo ni epoksi kwenye chuma kitupu, siku hiyohiyo, kabla chuma hakijapata ule wekundu mwepesi. Puti, kama lazima, inakaa juu ya epoksi, siyo chini yake, na isizidi milimita 2 au 3, na usiisugue kwa maji hata kama umezoea. Mishono ikapigwa silanti ya poliyurethani, ile ya kuziba maji, kwa nje na ndani ya tao, isipokuwa vitundu. Kisha praima ya kujazia, rangi, klia. Sitaki kukaa hapa, rangi ni fani yake na kila mpiga rangi ana mwendo wake, ila tu ijulikane kuwa ile praima ya kijivu ina vinyweleo, gari likiachwa na kijivu miezi kadhaa huku pesa ya rangi ikitafutwa linashika kutu chini yake. Kama itabidi usubiri, subiri kwenye epoksi.

Wengi wakifika kwenye rangi wanahesabu kazi imeisha, na hapa ndo natofautiana nao kabisa. Fikiria nyuma ya kila nukta uliyochomelea. Nje umesafisha, umepaka, kunang'aa. Ndani ya boksi, nyuma ya ileile nukta, joto limeunguza epoksi yote, kumebaki chuma kitupu cha bluu na kijivu, na huko ndiko maji yanakopita. Kwa hiyo usipoingia ndani ya boksi umetengeneza upande usioshambuliwa.

Dawa yake ni waksi ya kupuliza ndani ya mabokisi, inayoingia kwa mrija mrefu wenye kichwa kinachotawanya pande zote. Unaingiza mrija hadi mwisho, unapuliza huku unauvuta taratibu, unarudia kutoka tundu la upande mwingine. Inatakiwa iwe nyepesi kiasi cha kupenya kwenye mishono halafu ikauke ikiwa laini bila kupasuka. Mpangilio wake ni muhimu sana: baada ya kuchomelea na baada ya rangi, kamwe siyo kabla. Ikitangulia inawaka moto ukichomelea, na ikivuja kwenye mshono rangi inakataa kushika na kufanya vishimo. Na boksi liwe limekauka kabisa, sisi tuliacha tundu wazi na kupeleka hewa ya uvuguvugu ndani mpaka tukaridhika, maana waksi juu ya unyevu inafungia unyevu humohumo. Bati likiwa na joto la jua waksi inatambaa vizuri zaidi. Ukimaliza, chukua waya upitishe kwenye kila kitundu cha maji, kwa sababu ileile waksi ikiganda pale itakuwa imerudia kazi ya lami.

Upande wa kulia nao ukapata waksi, pamoja na milango yote minne na mlango wa buti kwa chini. Mwenyewe aliona tunaongeza kazi sehemu isiyoumwa. Lakini bati lake ni la umri uleule, kilichouokoa ni vitundu vilivyo wazi na siyo chuma bora.

Chini ya gari hatukurudisha lami. Lami inapendeza ikiwa mpya, ikizeeka inakuwa ngumu, inapasuka, inaachia bati kidogo na maji yanaingia katikati, huoni chochote mpaka bisibisi izame. Tukapiga epoksi, silanti kwenye mishono, koti la kuzuia mawe ndani ya tao, halafu waksi nyepesi ya chini ambayo ikichakaa unaiona na unaongeza. Kuhusu oili chafu ya injini ambayo wazee wengi wanaiapia, ni kweli mafuta yanazuia maji, lakini ile iliyotumika ina asidi na uchafu wa moto, inadondoka ardhini, inaharibu raba za sasipensheni, na siku fundi atakapochomelea chini ya hilo gari atakuja kukulaumu moto ukishashika.

Kuhusu maji yenyewe. Mfereji wa chini ya waipa ulikuwa na majani yaliyooza kuwa udongo kabisa, ukatolewa wote, na zile klipu za plastiki za kifuniko chake zikabadilishwa ili mwenyewe aweze kukifungua peke yake bila kuvunja. Sasa ana orodha fupi kichwani: kila mvua zikikaribia anafungua mfereji na kutoa majani, anapitisha waya kwenye vitundu vya boksi na vya chini ya milango, na akiosha gari analenga mpira wa maji ndani ya matao na siyo kwenye bonneti tu, kwa sababu tope lililokaa kwenye kikunjo cha tao linabaki na unyevu muda mrefu baada ya barabara kukauka. Akitoka pwani, anaosha chini kwa maji matamu mapema. Na sasa anapaki siku nyingine pua chini. Alicheka mwanzoni nilipomwambia hilo.

Mvua zilizofuata zilipopita tukaingiza kamera ndogo ya waya ndani ya boksi la kushoto. Kavu, waksi imekaa, isipokuwa mstari mmoja mfupi kwenye kona ya juu karibu na nguzo ya kati ambako ulikuwa umetoka jasho la kahawia, mrija haukuwa umefika pale. Tukatoboa kitundu kipya chini ya raba ya mlango, tukapuliza, tukaziba kwa kizibo cha plastiki. Hilo ni jambo la kawaida na ndo maana ukaguzi wa mara ya kwanza nauhesabu kama sehemu ya kazi, siyo kama malalamiko ya mteja.

Kimebaki kitu kimoja ambacho hatukukitengeneza na mwenyewe anajua. Mlango wa nyuma kushoto una kutu ndani ya kile kikunjo cha chini, pale bati la nje linapolikunjia la ndani. Kufungua kikunjo, kusafisha na kukikunja tena inawezekana, ila kazi yake ni kubwa na mara nyingi ukingo unatoka na mawimbi. Tukapuliza mafuta mepesi yanayotambaa ndani ya kikunjo, yatahitaji kurudiwa kila mwaka, na anatafuta mlango mzima uliotoka kwenye gari kavu. Akiupata, kabla hajaulipia apitishe sumaku kwa chini, na aangalie kama vitundu vyake viko wazi.